Kampuni ya Utalii Inayowajibika Hufanya Nini Hasa? Ufafanuzi kutoka Kinamasi cha Mabamba

Matangazo ya safari za Mabamba yamekuwa mengi katika simu za watu wa Kampala na Entebbe, na karibu yote yana neno moja linalofanana: kuwajibika. Kampuni inasema kwamba utalii wake ni wa kuwajibika, kisha mstari wa pili unamhakikishia mteja kuwa atamwona korongo nyangumi, ndege mkubwa wa vinamasini aitwaye shoebill kwa Kiingereza, kwa asilimia 100, tena kwa karibu, na chini yake imewekwa picha ya ndege aliyejaza kioo kizima cha simu. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Wapo wanaodhani kuwajibika ni kupanda miti au kuchangia madawati ya shule ya kijijini. Wapo wanaodhani ni cheti kinachotolewa na serikali, na wapo wanaoamini kuwa ni kisingizio cha kupandisha bei. Vijana wanaotaka kufungua kampuni zao huuliza swali lililo gumu zaidi: mtu akishapata mtumbwi, leseni na mwongozaji mzuri, kimebaki nini?

Kimebaki kikubwa kuliko vyote. Umbali kati ya mtumbwi na ndege huamuliwa ofisini, siku ile mteja anapoahidiwa jambo fulani na malipo ya nahodha yanapopangwa kwa namna fulani. Mtumbwi unapofika kinamasini, sehemu kubwa ya uamuzi huo imekwisha kupita.

Tuanze na maana za maneno. Utalii wa kutazama wanyama ni biashara ya kumfikisha mtu mahali anapoweza kumwona mnyama wa porini akiishi maisha yake ya kila siku. Kampuni haiuzi mnyama, kwa kuwa kisheria wanyamapori wa Uganda wako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Inachouza ni usafiri, ujuzi na muda. Usumbufu ni badiliko lolote la mwenendo wa mnyama linaloletwa na kuwapo kwetu, liwe ni kukimbia, kuacha kula, au kuinua tu kichwa na kututazama. Kampuni inayowajibika, basi, ni ile iliyopanga shughuli zake zote, kuanzia tangazo hadi mshahara, ili usumbufu huo uwe mdogo kadiri inavyowezekana, watu wanaoishi jirani na mnyama huyo wafaidike, na abiria warudi nchi kavu wakiwa salama. Miti na madawati ni mambo mema, lakini kampuni inaweza kuyatoa asubuhi na mchana ikamfukuza ndege kiotani.

Mabamba ni kinamasi cha mafunjo kilicho ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa magharibi wa Entebbe. Wengi hupanda kivuko kutoka Nakiwogo hadi Buwaya, kisha huchukua bodaboda mpaka mwaloni, ambako mitumbwi ya mbao inasubiri. Ndani ya mafunjo kuna njia nyembamba za maji zilizojaa yungiyungi, na pembeni mwa njia hizo husimama ndege wa kijivu mwenye kimo cha zaidi ya mita moja na mdomo mpana unaoonekana kama umetengenezwa kwa ajili ya ndege mwingine mkubwa zaidi. Duniani kote korongo nyangumi wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000, nao wametawanyika katika vinamasi vya Sudan Kusini, Uganda, Kongo, Rwanda, Tanzania na Zambia. Hao ni wachache mno kwa eneo kubwa kiasi hicho.

Ili kuelewa kwa nini mtumbwi mmoja unaweza kumdhuru, sharti tujue anavyokula. Windo lake kuu ni kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye hawezi kuishi kwa hewa ya majini peke yake na hulazimika kupanda juu kila baada ya muda ili avute pumzi. Korongo nyangumi huitegemea pumzi hiyo. Husimama juu ya majani yanayoelea, mdomo ameuinamisha mpaka kifuani, asitikisike kwa muda mrefu, akingoja maji yachezecheze pale kamongo anapochungulia. Akimwona hujirusha mzima mzima, kichwa na mwili pamoja, na huinuka na samaki akiwa amechanganyika na majani na matope ndani ya mdomo. Asipofanikiwa huanza kungoja upya.

Kusimama huko ndiko kulikozaa dhana potofu inayosikika zaidi: kwamba ndege huyu ni mpole, amezoea watu, na maadamu hakuruka basi hakusumbuliwa. Mfikirie mvuvi aliyetega ndoano zake mahali pazuri, halafu kila baada ya nusu saa anapita mtu na kutupa jiwe majini. Mvuvi hatahama mara moja, kwa sababu mahali penyewe ni pazuri na pengine hapana pengine pa kwenda. Atabaki ameketi, lakini jioni atarudi nyumbani na kikapu kitupu. Aliyepita na kumwona ametulia angesema hakuna ubaya uliotendeka.

Mwongozaji anayemjua ndege huyu huangalia mambo madogo. Ndege aliye katika mawindo ameinamisha mdomo na macho yake yako majini. Mtumbwi ukikaribia mno, mdomo hupanda kwanza, kisha shingo hunyooka, kisha mguu mmoja huinuliwa na kuwekwa upya, na mwisho mabawa huachana kidogo na mwili. Kuruka huja baada ya hayo yote. Nahodha mzuri husimama mdomo unapopanda, na akiona shingo imenyooka hurudi nyuma polepole bila kungoja kuambiwa. Kwa hiyo swali la wanafunzi wengi wa utalii, kwamba umbali unaofaa ni mita ngapi, lina majibu mawili: kampuni iwe na kiwango chake kilichoandikwa, ambacho hakuna abiria anayeweza kukibadilisha kwa kubembeleza, na juu ya kiwango hicho ndege mwenyewe awe na kauli ya mwisho. Ndege aliyekwisha kusumbuliwa asubuhi na mitumbwi miwili anahitaji nafasi kubwa zaidi ya mtumbwi wa tatu, hata kama kanuni ya mita haijavunjwa.

Kwenye kiota mambo huwa mazito zaidi. Korongo nyangumi hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida ni kinda mmoja tu anayefikia kuruka, baada ya zaidi ya miezi mitatu ya kulelewa. Katika jua kali mzazi huwakinga kwa kivuli cha mwili wake, tena huchota maji kwa ule mdomo mpana na kuwamwagia mayai au kinda ili wasiunguzwe na joto. Mzazi akiondoshwa saa sita mchana kwa sababu abiria wanataka picha, yai linabaki wazi juani, na hakuna atakayeona hasara hiyo kwa kuwa mtumbwi utakuwa umekwisha kuondoka. Ndiyo maana kampuni makini haipeleki wageni kwenye kiota hata kidogo, na haisambazi picha zinazoonyesha kilipo. Makinda ya ndege huyu yana wanunuzi wa magendo, na katika vinamasi vya Bangweulu, Zambia, imebidi wenyeji waajiriwe kuvilinda viota.

Hapa msomaji wa Uganda ataniuliza: si tunazo sheria? Tunazo, lakini wengi huzichanganya. Mtu aliyesikia habari za sokwe wa milimani kule Bwindi anafikiri utaratibu wa kule uko kila mahali. Bwindi ni hifadhi ya taifa. Kibali kinatolewa na mamlaka moja, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yaani UWA. Kundi moja la sokwe hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja, wakiwa wamevaa barakoa kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Tena sokwe hao walizoeshwa watu kwa makusudi, kwa kazi ya kila siku iliyochukua miaka. Korongo nyangumi wa Mabamba hakuzoeshwa na mtu; yeye anavumilia tu, na kuvumilia kuna kikomo ambacho hatukijui mpaka siku anapohama.

Mabamba si hifadhi ya taifa. Mwaka 2006 kinamasi hicho kiliingizwa katika orodha ya maeneo ya Ramsar, na neno hilo limewafanya wengi waamini kuwa pamewekewa uzio na askari. Ramsar ni mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Iran wenye jina hilo, na Uganda ilijiunga nao mwaka 1988. Nchi inayoorodhesha eneo huahidi kulitumia kwa busara ili lisiharibike. Uvuvi unaruhusiwa, ukataji wa mafunjo kwa kiasi unaruhusiwa, mitumbwi inaruhusiwa. Mkataba hauhesabu dakika ambazo mgeni alikaa mbele ya ndege, wala leseni ya Bodi ya Utalii ya Uganda haipimi umbali. Leseni inathibitisha kwamba kampuni inafanya biashara kihalali, na ni jambo la lazima, lakini haishiki pondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Kwa hiyo nafasi iliyojazwa na kibali na askari kule Bwindi, hapa inajazwa na utaratibu wa kampuni yenyewe au inabaki tupu.

Turudi basi ofisini. Neno la kwanza la kufuta katika tangazo ni lile la kuhakikisha. Mteja aliyeambiwa kwamba kumwona ndege ni hakika amenunua ndege, si safari, na kila dakika inayopita bila ndege ni deni ambalo nahodha analazimika kulilipa kwa kuongeza mwendo, kuingia njia ambayo hakupaswa kuingia, na hatimaye kusogea mita kumi zaidi ili picha ifidie muda uliopotea. Kampuni iliyoandika wazi kwamba ndege huonekana mara nyingi lakini si kila siku imemwachia nahodha uhuru wa kurudi nyuma. Wenye kampuni huogopa kwamba maneno hayo yatamfukuza mteja. Mimi naamini kinyume chake: mtu anayevuka bahari ili atazame ndege anajua ndege wana mabawa.

Jambo la pili ni muda, na hili naliona kuwa baya kuliko yote kwa sababu halionekani kuwa kosa. Kwa kuwa Mabamba iko karibu na uwanja wa ndege wa Entebbe, imekuwa desturi kuiuza kama safari ya mwisho: mgeni anatoka kwenye hifadhi za magharibi, anapitishwa kinamasini kwa saa mbili, kisha anakimbizwa uwanjani. Safari ya namna hiyo haiwezi kufanywa kwa utulivu hata kama nahodha ni malaika. Inayofaa huanza alfajiri, inachukua nusu siku, na injini hutumika tu kwenye maji mapana. Njia zinapoanza kuwa nyembamba injini huzimwa, nahodha huinuka, huchukua pondo na kuusukuma mtumbwi kimya kimya katikati ya yungiyungi. Panga za injini hukata majani na kuyatibua matope ambamo kamongo hulala, ukiacha kelele. Pondo ni polepole, na polepole inahitaji saa ambazo lazima ziwe zimeuzwa tangu mwanzo.

Kisha kuna malipo. Ikiwa nahodha analipwa kwa idadi ya safari, atataka kumaliza haraka arudi kuchukua kundi jingine. Ikiwa ujira wake wa kweli ni bakshishi, atajifunza mapema kuwa bakshishi hukua kadiri ndege anavyokuwa karibu, na hakuna semina itakayofuta somo hilo. Kumlaumu si haki. Ana watoto wa kusomesha kama sisi wote. Dawa ni ujira wa siku unaotosha, unaolipwa ndege ameonekana au hakuonekana, na bakshishi zote kuwekwa katika chungu kimoja kinachogawanywa mwisho wa juma kati ya manahodha, waongozaji na walinzi wa mwaloni. Na lazima ieleweke kwamba nahodha aliyegeuza mtumbwi kwa ajili ya ndege hataulizwa kwa nini mgeni amenuna. Meneja anayepokea malalamiko ya mgeni kisha akampigia simu nahodha kwa hasira amefuta kanuni zake zote kwa simu hiyo moja.

Kampuni moja peke yake, hata ikiwa njema, haitoshi panapokuwa na mitumbwi saba mbele ya ndege mmoja. Kila mtumbwi unaweza kukaa umbali halali na ndege akawa bado amezungukwa. Nchi zenye utalii wa kutazama nyangumi baharini zilikutana na tatizo hili mapema. Kanuni za New Zealand za mwaka 1992 haziruhusu vyombo zaidi ya vitatu kuwa ndani ya mita 300 za mnyama huyo kwa wakati mmoja. Cha nne husubiri nje mpaka kimoja kiondoke. Kanuni hiyo ina faida kwamba haimtegemei mwema mmoja. Katika nchi hiyo hiyo, kampuni ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, iitwayo Whale Watch Kaikōura, hurudisha asilimia 80 ya nauli iwapo nyangumi hakuonekana. Wapo watakaosema urejeshaji huo unaizidishia kampuni tamaa ya kumtafuta mnyama, na hoja hiyo ina uzito pale nahodha anapokatwa ujira. Lakini pale ambapo hasara inabebwa na kampuni yenyewe, mtu anayeshika usukani hana la kupoteza akirudi bila kumwona. Mabamba ingeweza kuwa na mpango wake wa foleni, ambapo waongozaji wanawasiliana kwa simu, mitumbwi miwili inatazama na mingine inasubiri kwenye maji mapana kwa dakika zilizokubaliwa. Kampuni kubwa za Kampala zina uwezo wa kulifanya hili kuwa sharti la kuleta wageni, na sioni sababu ya kutolifanya.

Kuhusu usalama wa abiria sitasema mengi, kwa kuwa hapana la kubishania. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama katika Ziwa Viktoria, upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imepakia kupita kiasi na haikuwa na leseni. Kinamasi kina kina kifupi kuliko ziwa wazi, na hilo huwafanya watu wavue jaketi la kuokoa maisha ili wapate picha nzuri. Jaketi lisilovaliwa ni mzigo tu. Mtumbwi una idadi yake ya watu, na upepo wa ziwa ukianza kuvuma alasiri, safari huahirishwa na fedha hurudishwa.

Wenyeji wanahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndege huyu yuko hai kutokana na uamuzi wao. Zamani wavuvi wengi wa eneo hilo waliamini kwamba kukutana na korongo nyangumi asubuhi ni mkosi, kwamba siku hiyo hutapata samaki, na baadhi yao walimuua kwa sababu hiyo. Zaidi ya imani, kulikuwa na ushindani wa kweli, kwani wote wawili wanamtaka kamongo. Kilichobadilisha mambo ni kwamba wavuvi kadhaa walijifunza kuongoza wageni, na ndege aliyekuwa mkosi akawa riziki. Badiliko hilo halijakamilika. Mvuvi asiye na kazi katika utalii bado hupisha mitumbwi ya wageni inayokatiza nyavu zake, na asipopata chochote hana sababu ya kumlinda ndege wala mafunjo, hasa anapotokea mtu mwenye fedha akitaka kukikausha kinamasi alime. Kuajiri vijana wawili na kuwavalisha fulana yenye nembo hakumalizi suala hili. Kampuni hukodi mitumbwi ya wenyeji badala ya kuleta yake, hulipa ada ya kijiji hadharani kwa risiti, na huwauliza wavuvi ni njia zipi na saa zipi zisipitwe.

Je, yote haya si ghali? Yana gharama, lakini si pale watu wanapodhani. Pondo halinywi petroli. Kutoahidi ndege hakugharimu kitu. Gharama halisi ni muda: kampuni inayofanya safari moja kwa mtumbwi asubuhi badala ya tatu hupata abiria wachache, hivyo nauli yake hupanda, na mteja ana haki ya kuelezwa nyongeza hiyo inakwenda wapi. Anaweza pia kuonyeshwa kwamba safari haina jambo moja tu. Katika mafunjo yale yale kuna nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ndefu humwezesha kutembea juu ya majani. Kuna mbayuwayu buluu wanaokuja kutoka kusini mwa Afrika wakati wa baridi ya kwao. Kuna ndege wengine wa kila rangi ambao mwongozaji aliyefunzwa vizuri anaweza kuwaita kwa majina kwa sauti zao tu. Kampuni inayomfundisha mwongozaji wake ndege kumi pekee imejilazimisha kumtegemea mmoja.

Mteja anayetaka kujua ukweli kabla ya kulipa hahitaji kusoma kanuni zozote. Aulize safari inaanza saa ngapi na inachukua muda gani, nahodha analipwaje ndege asipoonekana, mtumbwi hufanya nini ukikuta mingine mitatu imetangulia, na kama kampuni imewahi kukataa kumsogelea ndege mgeni alipoomba. Mwenye kampuni inayowajibika hujibu maswali hayo papo hapo, kwa kuwa alikwisha kuyajibu siku alipopanga bei.